Maksi Tatu za Uholanzi

Baba yangu alikuwa karani wa zabuni. Kwa miaka ishirini na kitu kazi yake ilikuwa kupiga mstari katikati ya karatasi ndefu, kuandika muuzaji mmoja kushoto na mwingine kulia, kisha kulinganisha madawati yao, blanketi zao na rangi zao za ukuta, kitu kimoja baada ya kingine, mpaka mmoja ashinde. Wakubwa zake walitia sahihi tu. Alituambia mara nyingi kwamba mtu asiye na mstari katikati ya karatasi huchagua kwa moyo, na moyo, kwa maoni yake, ni chombo kibovu. Mambo ya nyumbani aliyafanya vivyo hivyo. Kabla hatujahamia Buruburu alilinganisha Fezi ya Kwanza na Fezi ya Pili kwa wiki tatu: ukubwa wa jiko, unene wa kuta, umbali wa kituo cha basi. Fezi ya Pili ikashinda, tukahamia huko, na mama akalilalamikia jiko lile kwa muda wote aliolitumia.

Kwa hiyo sikupaswa kushangaa, mwaka ule wa njaa na unga wa manjano wa msaada, alipotoa karatasi yake na kuandika Uholanzi upande mmoja na Ubelgiji upande wa pili.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani nangoja matokeo na kumchosha mama. Kaka yangu mkubwa alikuwa Ubelgiji akisomea uhandisi kwa msaada wa kanisa. Dada yangu, anayenizidi kwa miaka saba, alikuwa Uholanzi. Alikuwa ameolewa na Mholanzi aliyekuja kuchimba visima huko Ukambani, kijana mrefu mwenye masikio mekundu, aliyekula kila alichopewa na kusema asante kwa Kiswahili cha kitabu. Wote wawili walikuwa wameandika kwamba wako tayari kunipokea, wanitafutie chuo cha uuguzi. Baba akasema nitakwenda kwa mmoja, si kwa wote, na uamuzi utafanywa mara moja, kwa haki.

Kwa haki maana yake ilikuwa fomu. Aliiandika kwa mkono nakala mbili, akaituma kila upande. Mkate. Maji. Baridi. Daktari. Kanisa. Majirani. Usalama wa msichana njiani. Namna wanavyomtazama Mwafrika. Mwisho kabisa, Watu wa nyumbani, yaani nitaishi na nani chini ya paa moja. Kila kimoja maksi kumi. Mama alisikiliza ile orodha ikisomwa, akaomba aongezewe lake: ukiugua, nani anakuja? Baba alisema hilo haliwezi kupewa maksi. Mama akamwambia aliandike hivyo hivyo bila maksi, naye akaliandika.

Lazima niseme jambo moja kuhusu lugha ya nyumba yetu. Baba alikuwa mtu wa Murang'a na mama mtu wa Machakos, na tangu walipokutana Kaloleni wakiwa vijana, Kiswahili kilikuwa ndicho daraja lao. Cha baba kilikuwa cha ofisini, kimepigwa pasi. Cha mama kilikuwa cha sokoni, na ngeli alizigawa atakavyo. Sisi watoto tuliongea cha kwetu cha mtaani. Lakini Kiswahili cha barua tulifundishwa na jirani yetu, bibi mmoja wa Mombasa ambaye mumewe alikuwa mtu wa reli. Yeye alijua kusoma herufi za Kiarabu tu, hizi zetu hazikumwingia. Dada yangu akiwa msichana wa shule ndiye aliyekuwa mwandishi wake. Walikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, bibi akitamka, dada akiandika, na mimi nikiwa hapo kando nachambua mchele wa bibi na kusikiliza yasiyonihusu.

Bibi alikuwa mkali kuhusu salamu. Barua isiyo na salamu aliiita hati ya polisi. Kwanza uwataje wote unaowasalimu, mmoja mmoja, kwa cheo chake, ndipo useme hali yako. Na kwenye kusema hali yako kulikuwa na sheria aliyoirudia mpaka ikatukaa kichwani.

"Mwenye mume haandiki sijambo, mwanangu. Aandika hatujambo. Ukiandika sijambo, kule wataulizana, mumewe yuwapi?"

Dada alikuwa akicheka, akisema kwamba basi tarishi angeweza kujua ndoa ya mtu kwa neno moja. Bibi akasema ndiyo, na ndivyo ilivyo.

Majibu ya kwanza yalikuja mwezi wa pili. Baba alikuwa na desturi ya kusikiliza barua Jumapili baada ya kanisa, na msomaji nilikuwa mimi, kwa sababu mama alisoma Biblia ya Kikamba tu na baba macho yake aliyaweka akiba kwa ajili ya kuandika. Bibi jirani alikuwa akija kusikiliza. Hakualikwa, lakini kiti chake kilijulikana.

Nilifurahia Jumapili ile kuliko ninavyopenda kukiri. Dunia mbili zilikuja sebuleni kwetu, huku jikoni unga wa manjano unangoja, ule ambao watu walisema Wamarekani hulisha ng'ombe. Kaka aliandika kwamba Ubelgiji watu hununua mkate mbichi kila asubuhi hata Jumapili, na wanakaanga viazi na kuvila njiani kwenye karatasi. Dada akaandika kwamba Uholanzi mkate huliwa baridi mchana, na juu ya siagi hunyunyiza chembe za chokoleti, watu wazima kwa watoto. Mama alitaka kujua kama ni kweli. Nikasoma tena. Akatikisa kichwa, na Uholanzi ikapata nne kwa mkate.

Kwenye majirani barua mbili zilipingana kabisa. Dada alisema Waholanzi hawafungi mapazia. Ukipita njiani jioni unawaona ndani wanakula, wanashona, wanagombana. Kaka alisema Wabelgiji jua likizama huteremsha mbao za madirisha mpaka chini, na mtaa mzima unakuwa ukuta. Baba akaona kuacha pazia wazi ni ushahidi wa watu wasio na cha kuficha, akataka kuwapa tisa.

"Hiyo si uzuri," mama akasema. "Mtu hana pazia, hana adabu. Wape mbili."

"Tunapima majirani, hatupimi mapazia."

"Na jirani ni nini kama si vile anakaa?"

Bibi akauliza kama katika hao wote, wa mapazia na wasio na mapazia, yupo aliyewahi kubisha hodi kwa wanetu. Nikapekua barua zote mbili. Halikuwamo. Baba akaandika sita na sita.

Barua ile ya dada ilianza kama zote za miaka mitatu: dhumuni la barua hii kwanza ni kuwajulieni hali, sisi hapa hatujambo, hofu na mashaka ni juu yenu. Baba alipunga kalamu niyaruke hayo. Bibi akaniambia nisiruke neno.

Mwisho wa hesabu nchi mbili zilikuwa sawa sawa, isipokuwa mstari mmoja ambao baba hakumaliza kuujaza, ule wa watu wa nyumbani. Kaka alikuwa anaishi nyumba moja na wanafunzi wengine watatu, na baba alimpa saba, akisema hao ni watu lakini si nyumba. Kwa dada aliona jibu ni fupi mno. Dada aliandika "kama mnavyojua." Karani wa zabuni hakubali kama mnavyojua. Akamwandikia kuomba ufafanuzi, kama alivyomwandikia muuzaji wa madawati.

Mimi nilishaamua. Kaka alikuwa kama baba aliyepakiwa kwenye ndege: angetaka kujua nimerudi saa ngapi na nimekaa na nani darasani. Dada alikuwa dada. Alinitumia picha amekaa juu ya baiskeli, skafu imepeperuka, nyuma yake maji yametulia, na nikajiona mimi pale kwenye kiti cha nyuma. Mtaani tayari nilikuwa mtu mwingine. Msichana niliyesoma naye alinisimamisha penye duka.

"Niaje. Nasikia unaenda majuu."

"Bado. Ni Uholanzi ama Ubelgiji."

"Si zote ni majuu tu? Enda."

Ufafanuzi ulichelewa. Wiki nne zikapita, zikawa sita. Baba alifika posta kila jioni, akifungua sanduku letu na kulifunga. Alisema muuzaji anayechelewa kujibu hupunguziwa maksi. Barua ilipokuja, ilikuwa ile karatasi ya bluu ya kukunjwa, ambayo ni barua na bahasha kwa wakati mmoja. Jumapili yake tulikaa kama kawaida, mama na beseni la njegere mapajani, baba na karatasi yake, bibi kwenye kiti chake, amekuja kurudisha chekecheo.

Nikachana ukingo, nikaanza kusoma kwa sauti. Baba mpendwa, mama mpendwa, mdogo wangu mpendwa, bibi jirani na wa nyumbani mwake. Dhumuni la barua hii kwanza ni kuwajulieni hali. Macho hutangulia mdomo, kila anayesoma kwa sauti analijua hilo. Macho yangu yakaona maneno yanayofuata.

Mimi hapa sijambo.

Liliandikwa wazi, mwandiko mzuri uleule wa ngazi ya mlango wa nyuma. Hakuna aliyefundishwa sheria ile vizuri kuliko yeye. Hakuwa amesahau, na wala hakuwa na haraka. Alikuwa amemwandikia bibi, kupitia mdomo wangu, kitu ambacho hangeweza kumwandikia baba: mume ameondoka, niko peke yangu.

Nikasoma, "Sisi hapa hatujambo."

Sikukwama hata kidogo, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Nimejaribu kujitetea kwa njia nyingi. Nimesema nilitaka kumficha mama aibu, nimesema nilidhani ni kuteleza kwa kalamu, nimesema nilikuwa na miaka kumi na tisa. Yote ni uongo isipokuwa ule umri. Niliona kichwani baba akikunja karatasi yake. Niliona kwamba msichana hapelekwi kwenye nyumba ya mwanamke aliyeachwa, na kwamba nitakwenda Ubelgiji kulindwa na kaka, au sitakwenda popote. Nilimkasirikia dada. Nilifikiri, angengoja. Angengoja miezi michache tu, mpaka niondoke.

Nikaendelea kusoma. Kuhusu watu wa nyumbani alikuwa ameandika kwamba nafasi ipo, kitanda kipo, na kwamba angefurahi sana kumwona mtu wa kwao. Baba alikubali kwamba hilo sasa ni jibu. Halafu nikafika kwenye swali la mama. Jibu lilikuwa: daktari wa hapa ni hodari.

Mama aliacha njegere.

"Mimi sikuuliza kama huyo daktari ni hodari. Niliuliza nani anakuja."

"Atakuja daktari," baba akasema.

"Hapana. Soma tena."

Nikasoma tena. Mama alimgeukia bibi, kama alivyofanya kila alipoona Kiswahili kinamficha kitu, na wakati huo kama angenigeukia mimi nadhani ningesema. Ninataka kuamini ningesema.

"Si ana mumewe," bibi akamwambia kwa upole. "Mwenyewe asema hatujambo. Wako wawili, usijipe homa bure."

Mama akashika njegere tena. Baba akaandika kumi kwa watu wa nyumbani, mume na mke na kitanda cha mgeni, na Uholanzi ikashinda Ubelgiji kwa maksi tatu.

Jibu alilituma kesho yake. Nililiona kabla halijafungwa, kwa sababu mimi ndiye niliyelipeleka posta. Baba hakuwa na njia nyingine ya kuanza barua, kwa waziri au kwa mtoto wake: "Barua yako tumeipokea, na yote yaliyomo yameeleweka. Mdogo wako anakuja. Tafadhali jiandae." Kisha tarehe, na jina la ndege, na salamu moja ya jumla ambayo bibi angeitemea mate. Nilisimama penye kaunta ya posta na kalamu iliyofungwa kwa kamba iko pale pale mbele yangu. Nafasi ilikuwepo chini ya sahihi ya baba, ya mistari miwili mitatu. Sikuandika kitu. Nililamba gundi nikafunga.

Miezi iliyofuata nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilimjibu mama vibaya kwa ajili ya nguo, nikamwambia baba usoni kwamba huwezi kupima nchi kama blanketi, naye akanijibu, bila kukasirika, kwamba blanketi ni ngumu zaidi. Walidhani ni woga wa safari. Bibi ndiye niliyemkwepa. Nguo zetu zilianikwa kwenye kamba zinazotazamana, na nikimwona ametoka na beseni nilirudi ndani na zangu zikiwa bado mbichi. Siku moja akanikamata. Akanipa chupa ya achari ya embe, akaniagiza nimfikishie dadangu na shemeji yangu, na kunong'ona kama dada ameshapata mtoto, maana miaka mitatu, na barua haisemi. Nilimwambia sijui. Akasema basi nikifika nitajua, nimwandikie yeye, si mama, ili mama asije akaumia kabla ya wakati. Nikamwahidi.

Ndege ilitua asubuhi. Dada alikuwa amesimama nyuma ya kioo, kakonda shingo na mabega, lakini anacheka kama sijawahi kumwona anacheka. Alinishika uso kwa mikono miwili. Alikuwa peke yake, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilijua. Yeye hakueleza, kwa sababu alidhani tunajua sote. Tulipanda treni tukiwa tumekaa bega kwa bega, kila mmoja anamshukuru mwenzake kimoyomoyo kwa ukimya wake.

Njia nzima aliuliza habari za nyumbani. Lile dirisha la chumba chetu, baba ameshaliweka vyuma? Kitanda chake bado kiko upande wa mlango? Nikamwambia kipo, nalala mimi. Akasema haidhuru, tutabanana kama zamani. Nilisikia tutabanana nikafikiri anazungumzia kitanda cha Uholanzi. Nje mashamba yalipita, manyoofu, yana maji katikati, na ng'ombe waliosimama kwenye baridi bila mchungaji. Nilikuwa na furaha. Nalisema kwa sababu ni kweli: kwa saa moja na nusu nilikuwa msichana mwenye furaha kuliko wote waliopata kutoka Buruburu.

Nyumba ilikuwa na ngazi nyembamba zinazosimama wima, mtu anapanda kwa mikono na miguu. Juu kabisa kulikuwa na chumba kimoja. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka moja bila blanketi. Kuta zilikuwa na misumari isiyotundikwa kitu. Katikati ya sakafu palikuwa na sanduku kubwa lililofungwa kwa kamba ya katani, mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, na juu yake mkoba wake wa mkono.

Alisimama mlangoni akihema, ananitazama nikitazama.

"Nimeshalipa mwenye nyumba mpaka Ijumaa," akasema. "Tunaondoka lini?"

"Tunaenda wapi?"

Alicheka. "Kwani baba amekwambia tungoje? Baridi yenyewe bado haijaanza, ikianza ndiyo mbaya." Akafungua mkoba, akatoa barua ya baba. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka inataka kukatika. Akanionyesha kwa kidole, kama vile mimi ndiye nisiyeijua. Yote yaliyomo yameeleweka. Mdogo wako anakuja. Tafadhali jiandae.

"Nililia siku nzima nilipoipata hii," dada yangu akasema. "Unamjua baba, maneno yake kama ya serikali. Lakini alielewa. Hakuniuliza hata moja, alielewa tu, akatuma mtu anichukue."

Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na fomu za chuo cha uuguzi, zimejazwa, na picha zangu nne ndogo. Sikujua mikono niiweke wapi. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na koti langu mwilini.

"Nimekuja kusoma," nikamwambia.

Akaitazama tena barua ya baba.

"Mama alisema nini aliposikia?" akauliza baadaye. Sauti yake ilikuwa bado ya kawaida.

"Hakusikia."

"Bibi alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Akafikiri kidogo. Niliona anavyofikiri, anaiweka sebule yetu sawa kichwani, viti na waliokaa, mama, baba na karatasi yake, bibi, akitafuta mahali neno lake lilipopotelea.

"Nani alisoma?"

"Mimi."

Aliikunja barua ya baba kwenye mikunjo yake ya zamani, akairudisha mkobani. Hakunipigia kelele wala hakulia. Ningempa chochote anipigie kelele. Miaka minne aliyobaki pale baada ya siku hiyo, akifagia kata za hospitali asubuhi ili mimi nikae darasani, kwa kuwa huwezi kumwacha mdogo wako peke yake katika nchi ya watu, hakuligusa tena jambo lile, na mwaka wa tatu mama yetu alizikwa bila yeye kumwona.

Siku ile alipiga magoti sakafuni mbele ya sanduku. Fundo lilikuwa limekaza, na kucha zake zilikuwa fupi, ikamchukua muda. Alipolifungua alitoa blanketi, akalitandika kitandani nilipokaa, akiniomba nisogee upande mmoja na kisha upande wa pili. Akatoa sufuria na mwiko. Akatafuta tena chini, katikati ya nguo, mpaka akapata sahani, na akaniuliza kama kwenye ndege walinipa chakula.